Ongezea Githeri ya Mtoto

Katika nyumba nyingi za Meru na Embu, mkebe wa mtoto wa chekechea au wa madarasa ya chini hubeba githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Bei yake ni nafuu, inashibisha, haimwagiki njiani, na iliyobaki jana usiku inatosha kupakiwa asubuhi. Hata hivyo, siku hizi wapo wazazi wanaoionea haya. Mtoto akirudi na habari kwamba wenzake wanakula soseji na mkate mweupe, mama huanza kununua soseji, krisps na juisi ya pakiti. Pesa zinatoka, lishe inashuka.

Ningemshauri mzazi huyo abaki na githeri yake, ila aiongezee kitu. Ushahidi wa ushauri huu ulipatikana papa hapa Embu.

Kuanzia 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, vilifanya utafiti katika shule 12 za msingi za Kyeni Kusini. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo walikuwa Profesa Nimrod Bwibo na Dkt. Charlotte Neumann. Watoto zaidi ya 500 wa darasa la kwanza waliwekwa katika makundi manne, kila shule na kundi lake. Kundi la kwanza lilikula githeri yenye nyama ya ng'ombe ya kusaga. La pili lilikula githeri na kunywa gilasi ya maziwa. La tatu lilipewa githeri iliyoongezwa mafuta, na la nne halikupewa chakula shuleni. Sehemu za makundi matatu ya kwanza zilipimwa ziwe na kalori zinazokaribiana, ili mtu asije akasema tofauti ilitokana na shibe tu.

Watoto wote waliolishwa waliongeza uzito zaidi kuliko wale wasiolishwa. Lakini waliokula nyama ndio waliojenga misuli zaidi ya mkono, na katika jaribio la kufikiri kwa kutumia michoro waliwapita wenzao wote. Uwanjani walicheza kwa nguvu zaidi na wakaonyesha uongozi. Katika hesabu, kundi la nyama na lile la mafuta yalifanya vizuri kuliko lile lisilolishwa. Maziwa nayo yaliwasaidia kurefuka wale watoto waliokuwa wamedumaa. Upungufu wa vitamini B12, uliokuwa umeenea mwanzoni, ulipungua kwa waliopewa nyama au maziwa.

Sababu zake zinajulikana. Vitamini B12, inayohitajika katika kutengeneza damu na kutunza neva, haipatikani katika mahindi wala maharagwe. Hupatikana katika nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Madini ya chuma na zinki yamo ndani ya maharagwe, lakini nafaka na kunde zina fitati, kemikali inayoyashika madini hayo tumboni hadi mengi yakatoka mwilini bila kutumika. Nyama huleta chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi, na tena husaidia kile cha maharagwe kifyonzwe vizuri.

Kiasi chenyewe si kikubwa. Kyeni walianza na gramu 60 za nyama kwa mtoto, baadaye zikafikishwa 85. Robo kilo ya nyama ya kusaga hutoa sehemu nne za gramu 60. Kaanga kitunguu na nyanya, tia nyama mpaka ikauke maji, kisha mwagia githeri iliyoiva na uache ichemke pamoja. Nyama ya kusaga ina faida nyingine: mtoto wa miaka minne hawezi kuiokota akaiweka kando, na meno yake hayahangaiki nayo.

Usipoweza kununua nyama kila wiki, maini kidogo yanafaa sana. Omena iliyokaangwa ikasagwa inaweza kuingizwa katika mchuzi wa ndengu bila mtoto kulalamika. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha kuanzia. Yai lichemshwe asubuhi hiyo hiyo, liachwe na ganda lake, na liliwe mapumziko ya kwanza. Maziwa usiyatie katika chupa ya shule, kwa kuwa huharibika upesi. Mpe nyumbani pamoja na uji wa wimbi kabla hajaondoka.

Maharagwe na mahindi makavu yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo na kuchemshia mengine. Hatua hiyo hupunguza fitati na pia gesi tumboni. Maharagwe yachemke sawasawa mpaka yaive kabisa, kwani mabichi yana sumu inayotapisha. Mahindi yenye ukungu au harufu ya uvundo usiyape watoto wala kuku. Mwaka 2004, sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo, iliua watu 125 nchini, wengi wao wakiwa Makueni na Kitui, na kupika hakuiondoi.

Pamoja na githeri, weka tunda lenye vitamini C: chungwa, pera, papai au embe la Mbeere likiwa msimu. Vitamini hiyo husaidia chuma cha mimea kupokelewa mwilini, ila moto mwingi huiharibu, ndiyo maana tunda bichi linafaa kuliko hoho iliyochemka saa nzima. Chai hufanya kinyume. Hata ikiwa ya maziwa, isiandamane na chakula. Maji safi yanatosha. Kipande cha parachichi huongeza kalori bila kujaza tumbo, jambo muhimu kwa mtoto ambaye hushiba haraka.

Githeri iliyopakiwa saa kumi na mbili asubuhi huliwa kama saa sita na nusu. Ikikaa vuguvugu muda wote huo, vijidudu huzaliana na chakula huchacha. Kwa hiyo ya jana ichemshwe tena mpaka itokote, si kupashwa tu. Jaza hotipoti maji yanayochemka kwa dakika chache, uyamwage, kisha pakia chakula kikiwa moto sana na ufunge papo hapo. Ikiwa una mkebe wa plastiki tu, usitie githeri wala mukimo wenye majani ya malenge. Funga viazi vitamu au nduma, ndizi na chungwa, na ile nyama ailie nyumbani jioni. Karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, zinaweza kumpalia. Zisage uzitie katika uji.

Kwa wiki moja, mpango unaweza kuwa hivi: Jumatatu githeri ya nyama na chungwa, Jumanne ndengu zenye omena, wali na papai, Jumatano viazi vitamu, yai na parachichi, Alhamisi githeri ya maini na pera, Ijumaa chapati, njahi, karoti na ndizi. Kila siku, maziwa asubuhi.

Soseji na krisps zina chumvi nyingi, na juisi nyingi za pakiti zimejaa sukari. Pesa ya vitu hivyo kwa wiki, mzazi, ipeleke buchani au kwa jirani mwenye kuku. Mtoto akiona haya, mwambie kwamba githeri yenye nyama iliwahi kupimwa katika shule za Embu, na walioila wakawashinda wenzao.