Fidia ya Ulemavu wa Kijeshi na Dhana ya Siku 330

Miongoni mwa waliorejea Juba baada ya uhuru wa Sudan Kusini wa mwaka 2011 wamo waliokulia ukimbizini Marekani, wakapata uraia wa huko na kulitumikia jeshi lake, na swali lao juu ya fidia ya ulemavu halijabadilika: itakatwa kodi kiasi gani mtu akishahama? Swali hilo limekosewa tangu mwanzo, kwa kuwa linachukulia kwamba makazi ya mpokeaji ndiyo yanayoamua, ilhali sheria ya Marekani hutazama asili ya malipo. Fidia inayotolewa na Idara ya Maveterani kwa majeraha au maradhi yaliyotokana na utumishi haitozwi kodi ya mapato, awe mpokeaji Omaha kule Marekani au mtaa wa Gudele jijini Juba, wala haiandikwi kuwa mapato katika ritani ya kodi.

Inayowaponza wengi ni dhana kwamba Mmarekani akikaa nje siku 330 katika miezi 12 mfululizo, mapato yake yote husamehewa kodi. Dhana hiyo ni potofu kabisa, na wanaoiuza kama ushauri wa kitaalamu wanawaingiza wastaafu katika madeni. Msamaha huo, ambao ukomo wake kwa mwaka 2025 ni dola 130,000, unahusu ujira tu, yaani malipo ya kazi ambayo mtu ameifanya akiwa nje, na hata mshahara ambao serikali ya Marekani humlipa mtumishi wake haumo. Pensheni si ujira. Askari aliyestaafu kwa kutimiza miaka 20 hutozwa kodi ya pensheni yake ya utumishi hata akikaa Juba mwaka mzima, na akiiingiza katika fomu ya msamaha atadaiwa kodi ileile pamoja na riba, na pengine adhabu. Anayeiingiza fidia ya ulemavu humo naye anaomba kusamehewa kodi ambayo haikuwapo.

Linalostahili kuulizwa ni msimamo wa nchi anayoishi mtu, kwani msamaha wa Washington hauifungi Juba, na baina yao hakuna mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, yaani makubaliano ya kugawana haki ya kutoza. Barani Afrika Marekani inao na Misri, Morocco, Tunisia na Afrika Kusini pekee. Sheria ya Uganda husamehe pensheni, na za Kenya na Tanzania husamehe pensheni za majeraha ya vitani. Aliyeko Juba aombe jibu la maandishi kutoka mamlaka ya mapato, atunze barua inayoonyesha asilimia ya ulemavu wake, na aripoti kwa serikali ya Marekani akaunti zake zilizo nje ya nchi hiyo ikiwa jumla yake imezidi dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, hata kama fedha hizo hazina kodi. Mstaafu ambaye asilimia ya ulemavu wake imeongezwa kuanzia tarehe ya nyuma anaweza kurekebisha ritani na kudai kodi aliyokatwa kwenye sehemu ya pensheni iliyogeuka fidia. Anayeishi nje huwasilisha ritani hadi tarehe 15 Juni, lakini riba ya kodi isiyolipwa huhesabiwa tangu tarehe 15 Aprili.