"Kurejesha" na Maana Zake Nne: Istilahi za Kompyuta Iliyogoma

Miongoni mwa maneno yanayoletwa kwetu ili yatafutiwe visawe vya Kiswahili, maneno ya kompyuta yameshika nafasi ya mbele kwa miaka mingi sasa. Mengi yake hayana madhara. Mtu akikiita kifaa "kipanya" na mwenzake akakiita "puku", wote wawili watakishika na kazi itaendelea. Lakini yako maneno machache ambayo utata wake humgharimu mtumiaji kazi ya miezi, na hayo ndiyo tunayotaka kuyajadili hapa.

Katika ziara ya kukusanya maoni juu ya istilahi za ofisini, tulipitia wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Katika ofisi moja wilayani Ngara tulikuta karatasi imebandikwa ukutani juu ya kompyuta. Ilikuwa ni maelezo ya ukurasa mmoja, yaliyofasiriwa kutoka Kiingereza, juu ya namna ya kuihudumia kompyuta isiyowaka sawasawa. Mfasiri alikuwa mtu makini. Sarufi yake haikuwa na dosari. Ila vitenzi vitatu vya Kiingereza, kila kimoja na kazi yake, vyote alikuwa amevitia katika neno moja: "rejesha". Hatua ya mwisho ilisema hivi: chagua kuondoa vyote, kisha rejesha.

Karani wa ofisi hiyo alikuwa ameifuata karatasi hatua kwa hatua. Kompyuta yake iligoma baada ya umeme kukatika. Akajaribu kuurudisha mfumo katika hali ya juzi yake, akaletewa taarifa kwamba jambo hilo limeshindikana. Basi akaenda hatua ya mwisho. Orodha ya wakulima wa kahawa, pamoja na kumbukumbu za malipo, ikafutika yote. Alipotueleza habari hii hakuilaumu mashine. Alisema, "Nilisoma kwamba vitaondolewa, kisha vitarejeshwa." Kwa Kiswahili chake, ambacho ni Kiswahili fasaha, hilo ndilo karatasi iliyosema. Orodha ilibidi iandikwe upya kutoka katika madaftari.

Yafaa kwanza tueleze mashine yenyewe hufanya nini, maana istilahi isiyojua kitu chake ni sauti tupu. Programu ya Windows, tangu toleo la Me la mwaka 2000 na lile la XP la mwaka 2001, ina kipengele kinachoweka kumbukumbu ya hali ya mfumo kwa nyakati fulani: mafaili ya mfumo, viendeshi vya vifaa, programu zilizowekwa na mipangilio yake. Mfumo ukiharibika, mtumiaji huweza kuurudisha katika mojawapo ya nyakati hizo. Nyaraka zake mwenyewe, yaani barua, orodha na picha, haziguswi. Na jambo hilo likishindikana, taarifa inayotolewa husema kwamba mafaili ya mfumo na mipangilio hayakubadilishwa. Kwa maneno mengine, karani wetu alipoisoma taarifa ile, orodha yake ilikuwa ingali salama ndani ya diski. Iliyoipoteza ni hatua iliyofuata.

Sababu za kushindikana si nyingi, nazo hazina ajabu. Huenda kipengele chenyewe hakikuwashwa, jambo la kawaida katika kompyuta nyingi za Windows 10, na hivyo hakuna wakati wowote uliotunzwa. Huenda sehemu ya diski iliyotengwa imejaa, kwani kumbukumbu za zamani hufutwa kupisha mpya. Mara nyingine programu ya kuzuia virusi huyashikilia mafaili yasibadilishwe, na hapo hutokea namba ya kosa 0x80070005, ambayo maana yake ni kwamba ruhusa imekataliwa. Dawa yake ni kuisimamisha programu hiyo kwa muda, au kuiwasha kompyuta katika hali salama na kujaribu tena. Vilevile diski yenyewe yaweza kuwa na majeraha, hasa pale umeme unapokatika mashine ikiwa kazini. Ngara na Biharamulo zilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na ingawa mtambo wa maporomoko ya Rusumo wa megawati 80, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja, ulianza kutoa umeme mwaka 2023, hatujapata bado kuona ofisi ambayo taa zake hazizimiki. Diski iliyojeruhiwa hukaguliwa kwanza. Na kabla ya yote hayo nyaraka hunakiliwa nje, katika flashi au diski nyingine.

Turudi kwenye neno. "Rejesha" ni kitenzi cha kusababisha kitokanacho na "rejea". Katika sikio la Mswahili hubeba ahadi: kilichoondoka kitamrudia mwenyewe. Mtu hurejesha deni, hurejesha kitabu maktabani. Sasa, katika mambo manne yanayopewa jina hili kwenye kompyuta, ni moja tu linaloitimiza ahadi hiyo.

Mwalimu mmoja wa Biharamulo alitusaidia kuyapambanua kwa mfano wa lori, na hatujaona mfano bora zaidi. Dereva ametoka Biharamulo, amepita Lusahunga, anaelekea Benako. Mbele akaikuta njia imekatika. Anageuza mpaka Lusahunga. Shehena yake ingali mgongoni mwa lori. Aliyerudi nyuma ni yeye. Hili ndilo la kwanza. La pili, shehena imeharibika njiani, lakini mwenye mali alikuwa na nyingine kama hiyo ghalani, akaitoa. La tatu, shehena imetumbukia katika mto Ruvubu, na watu wanaingia majini kutoa kinachotoleka. La nne, lori limeshushwa kila kitu na kufungwa injini mpya. Ni nani atakayeyaita yote manne kwa neno moja?

Kwa hiyo twapendekeza kwamba jambo la kwanza liitwe "kuurudisha mfumo nyuma", na wakati uliotunzwa uitwe "kituo cha kurudia". Maneno hayo ni marefu, twakubali, lakini kutaja mfumo kunamwondolea msomaji shaka juu ya kinachorudi. "Kurejesha" libaki kwa jambo la pili peke yake: kurejesha nyaraka kutoka katika nakala ya akiba. (Wapo wafasiri waitumiao "chelezo" kwa nakala hiyo. Sisi hatuna ugomvi nalo, ila watu wa mwambao watauliza chelezo cha kutengenezea vyombo kimefikaje mezani.) La nne liitwe "kufuta na kusimika upya". Kusimika twakujua katika mitambo, na neno "kufuta" lazima litangulie ili lionekane na mwenye haraka.

La tatu ndilo lililozua mabishano. Tumependekeza "kuopoa", kama mtu anavyoopoa ndoo kisimani. Wengi walilipenda. Baadhi walilikataa, wakasema kwamba karibu na ziwa neno hilo linasikika zaidi pale panapoopolewa maiti. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, vyuo vyetu vilichukua "zamia" vikaunda "uzamivu", na leo hakuna anayemdhania mwenye shahada hiyo kuwa amezama. Kadhalika "ngeli", ambalo wanaisimu walilitwaa kutoka Kihaya cha mkoa huu huu, lilikuwa geni kwa watu wengi wa pwani kabla halijazoeleka.

Pengine wasomaji watauliza kwa nini tumechelewa. Kazi kubwa imekwisha kufanyika: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyokuwa na menyu za Kiswahili, na Windows nayo ikapata sura ya Kiswahili baadaye. Lakini juhudi zilielekezwa zaidi kwenye maneno ya siku za heri: fungua, hifadhi, chapisha. Maneno ya siku ambayo mashine imegoma yaliachiwa kila mfasiri ajitafutie, naye hufasiri kwa kamusi iliyompa kisawe kimoja.

Karatasi ya ukutani kule Ngara imekwisha kubadilishwa. Mstari wake wa kwanza sasa wasema: nakili nyaraka zako nje kabla hujagusa kitu. Wa mwisho wasema: kufuta na kusimika upya, nyaraka zisizonakiliwa hazitarudi. Kuhusu "kuopoa" tungali tunapokea maoni, hasa ya walimu na makarani wa wilaya za kandokando ya ziwa.