Breka Haimlindi Anayeoga

Katika miji yenye baridi kama Nairobi, Arusha na Mbeya, shawa ya umeme si anasa tena; hata nyumba za kupanga zinayo. Wengi huamini kwamba maadamu kuna sakiti breka ukutani, anayeoga yuko salama. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa kuwa breka huwekwa ili waya usiungue. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 240 huvuta karibu ampea 23, ndiyo maana hufungwa kwa waya mnene, wa milimita 4 au 6 za mraba, pamoja na breka ya ampea 32. Sasa mtu aliyelowa, kasimama pekupeku juu ya saruji yenye maji, anaweza kupitisha robo ya ampea hivi. Kiasi hicho kinatosha kuvuruga moyo hadi usimame, lakini kwa breka ni sawa na balbu ya wati 60 iliyowashwa. Haitashtuka.

Kinachomlinda mtu ni waya wa ethi uliofika ardhini kweli, pamoja na RCD ya miliampea 30. Kifaa hiki hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika kiwango hicho, hukata kabla nusu sekunde haijapita. Wapo mafundi ambao, nyumba ikikosa ethi, huunganisha waya wa ethi wa shawa na nyutro. Huo ni mtego: nyutro ikikatika, chuma chote kilichofungwa kwenye waya huo hubeba umeme.

Pingamizi la mafundi lina uzito: RCD hukata kila mara shawa inapowashwa, mpangaji analalamika, mwisho inang'olewa. Ni kweli hutokea, hasa kwa shawa ambazo koili yake imezama wazi majini, na zaidi penye maji ya kisima yenye chumvi, maana chumvi hupitisha umeme. Ila tuseme wazi, RCD hapo haijakosea, umeme unavuja. Dawa ni kununua hita ambayo koili yake imefunikwa, hata kama bei yake ni kubwa zaidi. Wengine husema wameoga miaka mingi bila tatizo. Koili huchakaa na kupasuka, na waya hulegea; usalama wa jana hausemi chochote kuhusu kesho. Bomba likikutekenya mkono, zima meni swichi na usioge.

Kazi hii mpe fundi mwenye leseni, ya EPRA kwa Kenya au EWURA kwa Tanzania, na mwambie apime ethi mbele yako. Kisha kila mwezi bonyeza kitufe chenye herufi T kwenye RCD. Isipokata, ibadilishwe kabla mtu hajaingia bafuni.