Mtalii Hulipa kwa Wiki, Mfanyakazi Hulipa kwa Mwezi
Shida ya kupanga nyumba Rimini, mji wa pwani ya Italia

Ndugu wafanyakazi, Rimini ni mji wa Italia ulio kando ya bahari ya Adriatiki. Mwaka 1843 palifunguliwa hapo mahali pa kwanza pa kuogea baharini, na tangu hapo mji umejifunza kuishi kwa fedha za wageni. Ufuko wake wa mchanga una urefu wa kilometa kama 15, na nyuma yake yamejipanga mamia ya mahoteli. Kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba, shule za Italia zinapofungwa, watu hufurika huko kama maji ya mafuriko.

Wageni hao hupikiwa na kufuliwa mashuka na wafanyakazi. Wako waliotoka kusini ya Italia, wako wa Ulaya ya mashariki, wako wa Asia, na wako wa Afrika. Makala hii inauliza jambo moja: mfanyakazi huyo anayetandika vitanda vya wengine, yeye analala wapi na kwa kodi gani?

Jambo hili linatuhusu. Sheria ya Italia inamruhusu mgeni kufanya kazi ya msimu katika mashamba na katika utalii kwa muda usiozidi miezi 9, na wako vijana wetu wanaoitafuta kazi hiyo. Tena, mwenzetu wa shamba la chai au la miwa anayelala katika nyumba za laini anajua vizuri kwamba mshahara hauhesabiwi bila kuhesabu paa.

HESABU YA MWENYE NYUMBA

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme fleti ndogo inaweza kupangishwa kwa mfanyakazi kwa euro 600 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima mwenye nyumba atapata euro 7,200. Lakini tuseme mtalii analipa euro 900 kwa wiki. Kwa wiki 8 tu za Julai na Agosti mwenye nyumba amekwisha kupata euro 7,200 zile zile, na miezi 10 iliyobaki nyumba bado ni yake.

Hapo ndipo penye mzizi wa shida. Wenye nyumba wengi wa pwani hupangisha kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei, kisha hudai funguo zao kabla ya Juni. Matokeo yake ni ya ajabu: mfanyakazi ana nyumba wakati wa baridi, mahoteli mengi yakiwa yamefungwa, na hana nyumba wakati wa kiangazi, kazi ikiwa imepamba moto.

Juu ya hayo, mwenye nyumba hutaka kuona hati ya mshahara ya mtu mwenye kazi ya kudumu. Mfanyakazi wa msimu hana hati hiyo. Msimu ukiisha wako wanaopewa fedha za wasio na kazi, lakini hizo hulipwa kwa nusu tu ya wiki alizofanya kazi. Aliyefanya miezi 6 hulipwa miezi 3, na miezi mingine 3 ajitegemee.

KITANDA CHA MWAJIRI

Wengi hukubali kulala hotelini kwa mwajiri. Ni rahisi, lakini kina gharama yake. Ukigombana na bosi leo, kesho huna kazi wala kitanda. Mtu wa namna hiyo huogopa hata kuuliza saa zake za ziada zimekwenda wapi.

Basi yafaa kila anayekwenda huko ajue kifungu hiki. Sheria ya Italia ya wageni, namba 286 ya mwaka 1998, inasema kwamba mwajiri akimpa mfanyakazi wa msimu kutoka nje ya Umoja wa Ulaya mahali pa kulala, kodi haiwezi kuzidi theluthi moja ya mshahara wake, wala haiwezi kukatwa moja kwa moja katika mshahara. Mahali penyewe pawe panafaa kuishi mtu, na kodi ilingane na hali yake. Mwajiri anayekata atakavyo anavunja sheria.

MIKATABA MINNE

Asiyetaka kitanda cha mwajiri lazima ajue mikataba. Sheria namba 431 ya mwaka 1998 ndiyo inayotawala upangaji wa nyumba za kuishi.

Mkataba wa kwanza ni wa miaka 4, unaoongezwa miaka 4 mingine. Kodi yake hupatanwa kati ya pande mbili bila kikomo.

Wa pili ni wa miaka 3, unaoongezwa miaka 2. Huu kodi yake haipangwi na mwenye nyumba peke yake. Vyama vya wapangaji na vyama vya wenye nyumba hukaa mezani katika kila mji, na hukubaliana kiwango cha chini na cha juu kwa kila mtaa na kila aina ya nyumba. Katika miji yenye shida kubwa ya nyumba, mwenye nyumba anayeukubali anaweza kulipa ushuru wa asilimia 10 tu ya kodi anayopokea, badala ya 21. Kwa hiyo unapozungumza naye usiende kuomba huruma. Mwonyeshe hesabu.

Wa tatu ni mkataba wa muda, kwa Kiitaliano «transitorio», kuanzia mwezi 1 hadi miezi 18. Huu ndio unaomfaa mtu wa msimu wa miezi 7 au 8. Lazima sababu ya muda huo iandikwe katika mkataba na ithibitishwe, kwa mfano kwa mkataba wa kazi. Na kwa kuwa Rimini ni makao makuu ya mkoa wake, kodi ya mkataba huu nayo lazima ifuate viwango vya mapatano ya vyama.

Wa nne ndio wa kuangaliwa kwa macho mawili. Ni mkataba wa «uso turistico», yaani wa kitalii. Nyumba iliyopangishwa kwa utalii peke yake haiguswi na kinga nyingi za sheria ile ya 1998, na ndiyo maana baadhi ya wenye nyumba humpa mfanyakazi mkataba huo wa watalii, ingawa anaamka saa 11 alfajiri kwenda jikoni. Ukiona neno «turistico» na wewe umekuja kufanya kazi, usitie sahihi kabla ya kuonana na chama.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwanza, usitume fedha kwa nyumba ambayo wewe au mwenzako unayemwamini hajaingia ndani yake. Matapeli wanaijua haraka ya mtu wa msimu.

Pili, amana haiwezi kuzidi kodi ya miezi 3. Hiyo ni sheria namba 392 ya mwaka 1978.

Tatu, mkataba wowote wa zaidi ya siku 30 kwa mwaka lazima uandikishwe katika ofisi ya ushuru ya serikali, na mwenye nyumba ana siku 30 za kufanya hivyo. Mwambie akupe nakala. Lipa kwa benki au kwa stakabadhi. Mwenye nyumba akiandika euro 400 na kukudai 600 mkononi, zile 200 za ziada hazina nguvu ya sheria, na mpangaji ana haki ya kuzidai mpaka miezi 6 baada ya kurudisha nyumba.

Nne, fleti nyingi za pwani zilijengwa kwa ajili ya kiangazi. Ukiingia Oktoba, tazama kama kuna hita na kama kuta zina ukungu, na uulize nani analipa gesi na gharama za jengo. Kodi ndogo yenye gesi kubwa si kodi ndogo.

Tano, tazama mbali na maji. Santarcangelo iko kilometa kama 10 kutoka Rimini, ndani ya nchi, na treni inafika. Wa Riccione anaweza kulala Rimini, kwani tangu 2019 basi la Metromare lina njia yake lenyewe kati ya stesheni za miji hiyo miwili. Na wakati wa kutafuta ni vuli na baridi. Anayefika Juni na begi mkononi amekwisha kuchelewa.

Sita, wenzako wanne wakipanga nyumba moja kwa mwaka mzima, majina yote manne yawe katika mkataba. Asiye na jina ni mgeni, na mgeni hufukuzwa.

MEZA YA MAPATANO

Ndugu, jambo kubwa katika habari hii si hila za kutafuta nyumba. Ni ile meza. Wafanyakazi wa Italia waliona zamani kwamba nyongeza ya mshahara ikimezwa na kodi ya nyumba, mgomo umekuwa wa bure. Mwaka 1972 kikaundwa SUNIA, chama cha wapangaji kilicho karibu na shirikisho la wafanyakazi la CGIL. CISL wana SICET, na UIL wana UNIAT. Vyama hivyo ndivyo vinavyokaa kupatana viwango vya kodi, na mgeni mwenye karatasi halali anaweza kujiunga. Sheria hiyo hiyo ya wageni inakataza kumnyima nyumba mtu kwa sababu ya rangi, dini au nchi yake.

Mwaka 2025 serikali ya Italia nayo ilitenga fedha kwa ajili ya makazi ya wafanyakazi wa utalii. Ni hatua njema. Lakini yatakayojengwa kwa fedha hizo yakiwa mikononi mwa waajiri tu, tutarudi kwenye kitanda kile kile cha bosi.

Mtu mmoja mlangoni pa mwenye nyumba huambiwa: chukua au acha. Mia moja mezani huulizwa: mnasemaje? Kwa hiyo anayesafiri kwenda huko, anwani ya chama cha wapangaji aiandike mapema, kabla ya anwani ya dalali. Na sisi tuliobaki, tunapopeleka madai ya mshahara, tusisahau kuandika na mstari wa nyumba.