Kwa nini mzee anayeacha sigara anakuwa mkali?

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tuko na baba ama mjomba aliyevuta sigara tangu ujana, na sasa anataka kuiacha. Siku mbili tu, nyumba nzima inamuogopa.

Tusiseme mzee amegeuka mubaya. Ni nikotini, sumu ya tumbako. Mtu akivuta, inafika katika bongo kwa sekunde 10 hivi, na bongo inazoea. Ikikosekana, anakasirika bure, anakosa usingizi. Siku 3 za kwanza ndizo kali. Kiisha wiki 2 mpaka 4 mambo inatulia. Na hamu ikikuja, inadumu dakika chache tu, halafu inapita.

Basi tumusaidie namna gani? Tumuletee maji, tutembee naye, tuondoe viberiti mezani. Akitutuma kununua hata moja, tujibu kwa heshima: «Baba, ngoja kwanza dakika 5.» Akianguka, tusimucheke: wengi wanajaribu mara nyingi mbele ya kuacha kabisa.

Hajachelewa. Kiisha mwaka 1, hatari ya moyo iliyoletwa na sigara inapunguka karibu nusu. Tumuombee. Na sisi ambao hatujaanza, tusianze.