Fahamu: Durga Puja, sikukuu inayowarudisha Wabengali kwa marafiki wa zamani

Durga Puja ni nini?
Ni sikukuu kuu ya kila mwaka ya Wahindu wa Kibengali, hasa katika jimbo la West Bengal, India, na nchini Bangladesh. Huangukia Septemba au Oktoba. Huadhimisha ushindi wa mungu wa kike Durga, mwenye mikono 10, dhidi ya Mahishasura, zimwi lililojigeuza nyati.

Huadhimishwaje?
Katika mtaa wa Kumartuli, Kolkata, mafundi hufinyanga sanamu za Durga kwa mabua ya mpunga na udongo wa mtoni. Sanamu huwekwa kwenye pandal, mabanda ya mianzi na vitambaa. Kwa siku 5 kuu ngoma za dhak hurindima, na watu huzunguka banda hadi banda mpaka usiku wa manane. Siku ya mwisho sanamu huzamishwa mtoni.

Kwa nini marafiki hukutana?
Wabengali husema Durga huja na wanawe kuwatembelea wazazi wake. Waliotawanyika kikazi nao hurudi kwao. Waliosoma pamoja hukaa kwenye adda, yaani barza ya mazungumzo yasiyo na haraka, na hula khichuri, wali uliopikwa pamoja na dengu. Sanamu zikishazamishwa, marafiki hukumbatiana, vijana hugusa miguu ya wazee, na sahani za vitu vitamu hupitishwa.

Ina uzito gani?
Desemba 2021, UNESCO iliorodhesha Durga Puja ya Kolkata kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa familia nyingi, hii ni nafasi ya kuonana ana kwa ana, na hilo ni jambo la kuthaminiwa.