Dondoo za Warumi na Maneno ya Waha

Mtu akusanyaye habari za kale huko Kasulu na Kibondo huzipata kwa sikio zaidi kuliko kwa jicho, kwani maarifa mengi ya Waha yalihifadhiwa vinywani mwa wazee. Hata hivyo kazi yake yahitaji ustadi ule ule uliowapa Warumi baadhi ya vitabu vyao vikubwa, yaani ustadi wa kudondoa.

Mfano ulio bora ni Plinius Mkubwa, aliyefariki mwaka 79 B.K., mlima Vesuvius ulipolipuka. Mpwa wake ameeleza katika barua jinsi mjomba huyo alivyosoma. Mezani alisomewa kitabu, naye akidondoa mbio mbio. Atokapo hamamuni, huku akisuguliwa na kukaushwa, alisikiliza msomaji. Safarini aliketi na mwandishi mwenye kitabu na vibao, ambaye wakati wa baridi alivikwa mifuko ya mikono ili kazi isikatizwe. Siku moja msomaji alikosea kutamka, na rafiki mmoja akamrudisha nyuma. Plinius akamlaumu rafiki huyo kwa kuwapotezea mistari kumi. Mpwa alirithi hati 160 za dondoo, zilizoandikwa pande zote mbili kwa herufi ndogo sana.

Kutokana na kudondoa huko kilipatikana kitabu cha Historia ya Maumbile, chenye sehemu 37. Ndani yake Plinius aliwataja waandishi waliomfaidia, Warumi mbali na wageni mbali. Tena elimu ya Wayunani aliileta katika Kilatini, lugha ya watu wake.

Hapo ndipo Uha ilipopungukiwa. Askofu J. van Sambeek alikusanya itikadi na desturi za Waha katika mabuku mawili yaliyotolewa Kabanga, wilaya ya Kasulu, mwaka 1949 na 1950, lakini kwa Kifaransa. Sarufi ya Kiha ya Lotta Harjula, pamoja na msamiati wake, ilitoka mwaka 2004 kwa Kiingereza. Kazi zote mbili ni za thamani. Ila mzee wa Kibondo asiyejua lugha hizo hawezi kuzisoma, sembuse kuzisahihisha.

Basi yafaa kila dondoo iandikwe kwanza kwa Kiha kama ilivyosemwa, kisha ifasiriwe kwa Kiswahili. Jina la msemaji litajwe, akiridhia, na mahali pake pia, Heru au Muhambwe, kwani hizo zilikuwa tawala mbalimbali, na neno la huku lisidhaniwe kuwa la kule. Mwisho msemaji asomewe maneno yake mwenyewe. Akisikia kosa atamrudisha msomaji nyuma, na hapo mistari kumi ikipotea si kitu.